Gari la Rafiki Linapovuka Mpaka

Maelezo yaliyotolewa katika mkutano wa elimu kwa mlaji, Kasense, Manispaa ya Sumbawanga



Tumekuja kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi hawalihesabu kuwa ni shughuli ya fedha, na kwa hiyo hawalichukulii tahadhari: kuazima gari la rafiki kwa safari ya nje ya nchi.

Hapa Ufipa mpaka hauko mbali. Kwa njia ya Matai mtu hufika Kasesya na kuingia Zambia upande wa Mbala. Kwa njia ya Laela hufika Tunduma, takriban kilomita 220 za lami, akavukia Nakonde. Wamambwe na Walungu wanaishi pande zote mbili, hivyo harusi na misiba haiishii mpakani. Taarifa ya msiba ikifika jioni, alfajiri hutafutwa Noah ya jirani. Mwenye gari hutoa ufunguo kwa moyo mweupe, wala hakuna anayetaja karatasi. Hatuulaumu moyo huo. Tunalosema ni kwamba ukarimu wa mwenye gari husafiri na gari popote liendapo, lakini idhini yake na bima yake hazisafiri hadi ziombwe.

Tuanze na idhini. Kadi ya gari ina jina la mwenye mali, na jina hilo si lako. Afisa wa forodha hawezi kujua kwa kukutazama usoni kama gari umepewa au umeliiba. Kwa hiyo beba barua ya mwenye gari inayotaja jina lake na lako, namba ya usajili na ya chasisi, nchi unayokwenda, na tarehe za kwenda na kurudi. Ni vyema sahihi yake ishuhudiwe na wakili. Ikiwa gari lilinunuliwa kwa mkopo na benki bado inashikilia kadi, idhini ya rafiki peke yake haitoshi. Benki nayo itoe barua.

Pili, kibali cha forodha. Gari la kigeni huingia Zambia kwa kibali cha muda chenye tarehe ya mwisho. Likiharibika huko, msiliache uani kwa shemeji na kurudi kwa basi bila kutoa taarifa. Nendeni forodhani kabla muda haujaisha mkaeleze. Mnapotoka, hakikisheni kibali kimefungwa. Gari ambalo halikuandikwa kuwa limetoka huhesabiwa kuwa bado limo, na mwenye kadi ndiye anayeweza kufuatwa kwa ushuru wake.

Tatu, na ndilo kubwa kuliko yote, ni bima. Bima ya lazima iliyokatwa hapa nchini inakidhi sheria ya Tanzania. Ng'ambo ya mpaka inahitajika Kadi ya Njano ya COMESA. Tanzania ilijitoa katika jumuiya hiyo mwaka 2000, lakini imeendelea kushiriki katika mpango wa kadi hii, ambao unazihusu pia Zambia, Malawi, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kadi huombwa kwa kampuni iliyolikatia gari bima, kabla ya safari, nayo hutaja nchi na muda wake.

Wengi wakishaipata hudhani wamemaliza. Tuchukue mfano. Gari la rafiki yako lina bima kubwa. Magharibi, mkielekea Mbala, ng'ombe anakatiza barabara. Unamkwepa, unamgonga mwendesha baiskeli, na gari linaishia mtaroni. Kadi ya Njano itashughulikia madai ya mwendesha baiskeli kwa mujibu wa sheria ya Zambia, na husaidia matibabu ya dharura ya mliokuwa garini. Lakini gari lenyewe haliligharamii. Bima kubwa nayo huwa na mipaka ya eneo. Ikiwa Zambia haikuongezwa katika mkataba, hakuna wa kulitengeneza ila wewe na rafiki yako. Hapo ndipo urafiki wa miaka mingi huvunjika, kwa swali ambalo lingejibiwa kwa simu moja kabla ufunguo haujatolewa.

Basi mwenye gari, si mwazimaji, aiulize kampuni yake mambo manne, na majibu yatolewe kwa maandishi. Je, mkataba unamruhusu dereva huyu? Je, unafika nchi hiyo? Je, hasara ya gari lenyewe inalipwa huko, na ni kiasi gani tutachangia wenyewe? Je, abiria wakichanga fedha za mafuta, kampuni itasema gari limefanya biashara? Swali hili la mwisho msilidharau, kwa maana gari lililokatiwa bima ya matumizi binafsi halipaswi kubeba abiria wa malipo.

Baada ya hapo, andikianeni ukurasa mmoja: nani analipia Kadi ya Njano, faini, pancha na matengenezo, nani atabeba hasara ambayo bima haiilipi, gari lilikuwa katika hali gani lilipotoka. Pigeni picha pande zote. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kuandikiana si kutoaminiana. Ni kuuepusha urafiki na mzigo usiouweza.

Haya yanahusu gari lolote, liwe Noah, Hiace au lile lenye vitanda na jiko ambalo watalii hulala ndani yake. Na mkiendelea hadi Kongo, Burundi au Rwanda, kumbukeni kuwa huko magari hupita upande wa kulia.

Mkitokewa na ajali, toeni taarifa polisi wa nchi mliyopo na kwa kampuni ya bima mara moja, wala msikubali kosa wala kulipana njiani. Kampuni ikikataa dai bila sababu ya kuridhisha, pelekeni malalamiko Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Ndugu wananchi, rafiki anayesema, "Ngoja kwanza niulize bima," hajakunyima gari. Anataka mrudi salama, na mkirudi muendelee kusalimiana. Mvumilieni.