Pesa ya Mtaji Siyo Pesa ya Mboga
(Hotuba ya Mwenyekiti siku ya kutimiza miaka kumi)



Tulipoanza mwaka 2015 tulikuwa na sanduku moja, kufuli tatu na watunza funguo watatu. Kuweka akiba tulijua. Biashara nayo tulidhani tunaijua, maana nani kati yetu hakumkuta mama yake anauza kitu? Jamani, hatukuijua.

Tuseme ukweli leo, hata kama wengine watacheka. Mikopo ya kwanza tulichukua sisi watu wa dagaa. Tulinunua dagaa wabichi mwaloni Musoma, tukaanika mchangani, tukapeleka kuuza Bunda. Pesa ikawa inaonekana mkononi kila siku. Tukanunua mboga, sare za shule, tukachangia harusi. Siku ya marejesho, mtaji haupo! Mmoja wetu akasema ameibiwa. Hakuna aliyemwibia. Alikuwa anakula mtaji kidogo kidogo, na sisi wengine vile vile, ila tulinyamaza.

Wenzetu watatu waliona aibu, wakakimbilia mikopo ya kausha damu ili walipe kikundi. Ile inarejeshwa kila siku, mvua inyeshe au jua liwake. Sasa dagaa hawavuliwi kila siku, si mnajua. Dagaa hufuata taa gizani. Mbalamwezi ikiangaza ziwa lote, taa haina kazi na wavuvi wanapumzika. Siku hizo mwalo mtupu, mdai yuko mlangoni. Mama mmoja alichukuliwa godoro na sufuria, watoto wakiangalia. Alihama bila kutuaga. Kosa hilo ni letu pia. Tulimdai kwa ukali, tukasahau kumuuliza biashara inakwendaje.

Basi tukamwomba afisa maendeleo ya jamii wa kata atufundishe. Alikuja na daftari tu. Akauliza: ndoo ya dagaa mnanunua shilingi ngapi? Tukajibu. Nauli je? Ushuru? Kibarua wa kuanika? Chakula chako huko sokoni? Na wale walioloa mvua, mkawauzia wafuga kuku kwa bei ya kutupa? Kimya. Tulipoandika yote, wengine tulikuta tunauza kwa hasara huku tunamshukuru Mungu kwa biashara nzuri.

Tangu hapo kila mwanachama ana mikebe miwili, wa mtaji na wa faida. Mboga inatoka kwenye faida, na faida ikikosekana tunakula mlenda. Tulibadili na marejesho: wa mandazi kila wiki, wa dagaa kwa kufuata giza la mwezi, wa Butiama wanaolima mahindi na muhogo baada ya mavuno. Dagaa tunaanika kwenye chanja, mchanga haumo tena, na wateja wanatuulizia wenyewe. Anayeomba mkopo anakuja kwanza na daftari la mwezi mmoja. Bibi mmoja wetu hajui kuandika, anatumia punje za mahindi, punje moja shilingi elfu moja. Hesabu yake haikosei, tofauti na ya katibu wetu (atusamehe).

Usajili tulipata chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, tunawashukuru waliotusaidia kujaza fomu. Mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile iliyosimamishwa mwaka 2023 ikarudi 2024, tumeamua kuiomba sasa. Mapema tuliogopa kuila kama tulivyokula ile ya kwetu.

Mgeni Rasmi, ombi letu kwako ni maturubai ya kufunikia chanja wakati wa masika.

Na yule mama aliyehama, deni lake tulilifuta kwa mfuko wa jamii. Anayejua alipo amwambie hatudai kitu, na namba yake kwenye daftari la hisa hatujampa mtu mwingine.