Twataka Mikono ya Mafundi Kola

(Hotuba iliyotolewa na Katibu katika mkutano wa tawi, Machakos)



Sitasema kwa muda mrefu, na sababu yake mtaisikia sasa hivi.

Mwaka jana, mwezi wa Agosti, vijana walikuwa na kambi yao ya siku tano huko Kola, kwenye njia ya kwenda Wote. Tawi letu liliombwa msaada. Tulipeleka nini? Tulipeleka wasemaji watano, na mimi nilikuwa mmojawapo. Nilikuwa nimesimama nikiwaeleza vijana juu ya heshima ya kazi ya mikono, mara bomba la tangi likaachana kwenye kiungo. Maji yakamwagika, nanyi mwajua thamani ya maji ya Ukambani wakati wa kiangazi. Sisi wasemaji tukatazamana. Hakuna aliyekuwa na spana, wala aliyejua maji yafungwe wapi. Msichana mmoja wa kambi akakata ukanda wa tyubu ya baiskeli, akafunga pale mahali mpaka maji yakakoma. Kisha akaniambia kwa adabu, "Endelea, mzee." Ndugu zangu, sikuweza kuendelea vizuri. Maneno matupu hayavunji mfupa.

Siku ile ile chama hiki kilikuwa na mafundi wa bomba, waashi, maseremala, mafundi wa stima, washonaji, madereva na wapishi. Hatukumwita hata mmoja. Kosa ni letu sisi viongozi.

Mwaka huu vijana watakutana tena. Safari hii naomba watu hawa: fundi wa bomba wawili, mwashi mmoja, maseremala wawili wa kutengeneza madawati na milango ya vyoo, fundi wa stima mmoja mwenye leseni, mpishi aliyezoea kupikia watu wengi, na mtu aliyefundishwa huduma ya kwanza.

Mwanachama mmoja ameniuliza pale mlangoni: "Ndugu Katibu, chama chapigania mishahara. Mbona leo mwatuambia tufanye kazi ya bure?" Hilo ni swali la haki, nami nitalijibu kwa mambo yaliyotokea hapa hapa kwetu.

Katika miaka ya 1940, wakati wa ukoloni, watu wa Machakos walilazimishwa kuchimba matuta kwa amri ya machifu. Watu waliichukia kazi ile. Miaka ya 1950 kazi ikaanza kufanywa kwa mwethya: watu wakachagua viongozi wao wenyewe, wakasaidiana shamba kwa shamba. Matuta yakaenea mlima kwa mlima, hata maneno yetu "fanya juu" yakaingia katika vitabu vya kilimo vya nchi nyingi. Jembe lilikuwa lile lile na udongo ule ule. Kilichobadilika ni nani anayeamua na nani anayefaidika.

Kwa hiyo tumeweka masharti. Kwanza, halazimishwi mtu. Pili, tawi litalipa nauli, na kambi itatoa chakula na malazi. Asitoe mtu fedha mfukoni mwake. Tatu, hatutagusa kazi yo yote ya mkandarasi, wala kazi ambayo mwenzetu ameajiriwa kuifanya. Nne, kila fundi atapewa vijana wanne, na hao ndio watakaoshika spana, mwiko na randa. Fundi akiifanya kazi yote peke yake huku vijana wakitazama, atakuwa amefanya kama nilivyofanya mimi mwaka jana.

Huenda mtu akasema vijana ni wengi na wana nguvu, fundi wa nini? Watu wa Kola wanajua jibu. Mwaka 1978 Joshua Mukusya na wenzake walianzisha kikundi cha Utooni, na kikundi hicho kikajulikana kwa kujenga mabwawa ya mchanga. Ukuta hujengwa kukata mto wa msimu; mvua ikija, mafuriko huleta mchanga na kuujaza nyuma ya ukuta, na maji hukaa ndani ya mchanga ambako jua haliyafikii. Wanakijiji hubeba mawe, mchanga na maji. Lakini ukuta usiposhikana na mwamba, maji yatapita chini, na jasho lote limekwenda bure. Wingi wa mikono wataka mtu mmoja ajuaye mwamba uko wapi.

Jambo jingine. Wengi wa vijana hao wamemaliza shule na hawana kazi. Hawajui kwamba mtu aliyejifunza ufundi kazini, bila kupita chuoni, aweza kufanya mtihani wa greda wa NITA, akaanza na Greda ya Tatu na kupanda. Ninyi mliopita njia hiyo, nendeni na vyeti vyenu mkawaonyeshe. Hilo litawafaa kuliko hotuba zangu kumi.

Karatasi iko mezani. Andika jina lako, ufundi wako na siku unazoweza kutoa, hata kama ni siku moja. Mimi nimekwisha kujiandika. Kwa kuwa sina ufundi, nitateka maji na kuosha masufuria, na mpishi ndiye atakayenipa amri.

Umoja ni nguvu.