Daftari la Mauti ya Wazazi: Uingereza katika Zama za Malkia Victoria



Tarehe 1 Julai 1837, siku chache tu baada ya Victoria kurithi ufalme, yalifunguliwa Uingereza na Wales madaftari ya serikali ya kuandikisha vizazi, ndoa na mauti. Na miaka miwili baadaye ikaingia katika Ofisi ya Msajili Mkuu kalamu ya tabibu William Farr, ambaye kwa muda wa miaka arobaini alihasibu vifo vya taifa zima na kuvipanga kwa sababu zake. Katika majedwali yake ilidhihiri kwamba katika kila vizazi 1,000 walikufa wazazi wapatao 5: baadhi kwa kutokwa na damu au kwa kifafa cha uzazi, na wengi mno kwa homa ya nifasi, maradhi yanayomshika mwanamke siku chache baada ya kujifungua, akiwa tayari ameshapongezwa.

Lakini daftari huandika lile lililoletwa na cheti, na cheti huandikwa na mwenye hofu zake. Tangu mwaka 1795 Alexander Gordon wa Aberdeen alikwisha kubainisha kwamba homa hiyo huchukuliwa kutoka nyumba hadi nyumba na tabibu na mkunga, akikiri kuwa yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa waliowapelekea wanawake mauti. Baada ya ushahidi huo, tabibu aliyeandika "homa ya nifasi" alikuwa kama aliyejishtaki. Basi wako walioandika "uvimbe wa utando wa tumbo" pasipo kutaja uzazi, na marehemu akahesabiwa pamoja na wafu wa maradhi ya tumbo, kana kwamba hakuzaa. Hilo naliona kuwa dhulma ya pili juu ya ile ya kwanza. Sheria ya 1874 ikawalazimisha matabibu kutoa vyeti vya sababu ya kifo, na kuanzia 1881 Ofisi ikawaandikia barua kuwahoji juu ya vyeti visivyo bayana.

Florence Nightingale naye, wodi yake ya wazazi katika hospitali ya King's College, London, ilipofungwa mwaka 1867 kwa ajili ya homa hiyohiyo, alikusanya hesabu za hospitali nyingi akazikuta pungufu na zenye kukhitilafiana. Hata hivyo zilitosha kumthibitishia, katika kitabu alichokitoa mwaka 1871, kwamba mwanamke fakiri aliyezalia chumbani mwake alikuwa na amani zaidi kuliko aliyelazwa katika nyumba za uzazi.

Malkia alifariki mwaka 1901, na kiwango kile cha wazazi 5 kwa 1,000 kilikuwa hakijapungua sana. Kilianza kushuka kwa hakika katikati ya miaka ya 1930, zilipopatikana dawa za salfa, karibu karne nzima tangu Farr alipoketi mbele ya madaftari yake.