Haki Ianzie Nyumbani mwa Mungu: Mishahara na Akiba ya Uzeeni ya Watumishi wa Parokia

Mada kwa viongozi wa walei



Mada niliyopewa ni utunzaji wa fedha za parokia na stahili za wale tuliowaajiri. Nitasema hasa juu ya mlinzi, mpishi wa nyumba ya mapadre, karani wa ofisi, mwalimu wa chekechea, na katekista anayelipwa. Hao tunawaona kila Jumapili, lakini mahitaji yao ni nadra kutajwa katika vikao vyetu. Neno langu ni moja: parokia isiyomlipa mtumishi wake kwa haki, wala kumwekea akiba yake ya uzeeni, haina kinywa cha kuwafundisha wengine haki, hata ikiwa na kanisa zuri namna gani.

1. Kanisa linafundisha nini

Mwaka 1891 Papa Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum, alifundisha kwamba mapatano ya mwajiri na mfanyakazi hayatoshi peke yake kuufanya mshahara uwe wa haki. Mwenye njaa hukubali chochote anachopewa. Kwa hiyo kipimo cha mshahara si kile ambacho mtu amekubali kwa shida zake, bali kile kinachoweza kumtunza kama binadamu.

Sinodi ya Maaskofu ya mwaka 1971, ilipojadili haki duniani, haikuishia kwa serikali na matajiri. Ililitazama pia Kanisa lenyewe, ikataka wanaolitumikia kwa kazi zao wapate riziki ya kutosha na hifadhi ya jamii. Baada ya Sinodi ya Afrika ya mwaka 1994, Papa Yohane Paulo II alitoa waraka Ecclesia in Africa mwaka 1995. Katika namba 106 inakiriwa wazi kwamba ndani ya makanisa yetu haki haizingatiwi daima kwa watu wanaotutumikia.

Mafundisho haya yamekuwa sheria ndani ya Kanisa. Katika Sheria ya Kanoni ya mwaka 1983, kanoni ya 1286 inawaagiza wasimamizi wa mali za Kanisa kufuata sheria za nchi zinazohusu kazi, na kumlipa mfanyakazi mshahara unaomwezesha kujitunza yeye na jamaa yake. Kanoni ya 231 inawapa walei wanaolitumikia Kanisa haki ya malipo ya heshima, pamoja na hifadhi ya maisha na matibabu. Basi anayedai haki hizi haombi fadhila, wala hakosi moyo wa sadaka.

2. Kujitolea si kuajiriwa

Katika parokia zetu neno "kujitolea" limebeba mizigo mingi isiyo yake. Mwanakwaya anajitolea. Mama anayefagia kanisa zamu ya jumuiya yake inapofika anajitolea. Lakini mtu anayefika kazini kila siku kwa saa tulizompangia, anayepokea amri zetu, anayetumia vifaa vyetu na kutegemea malipo yetu kulisha watoto wake, huyo ni mwajiriwa, hata kama malipo yake tunayaita posho.

Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kwa Tanzania Bara, imeweka alama za kumtambua mwajiriwa. Miongoni mwake ni kufanya kazi chini ya usimamizi wa mwingine, kumtegemea kwa riziki, na kumfanyia kazi kwa wastani wa saa 45 au zaidi kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita. Alama mojawapo ikionekana, mtu huyo huchukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Jina tulilomwandika nalo daftarini halibadili jambo.

3. Yale ambayo sheria inadai

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi: kazi yake, saa zake, mshahara wake. Inampa likizo ya siku 28 yenye malipo kila mwaka. Mama anayejifungua hupata likizo ya uzazi ya siku 84, na akijifungua mapacha siku 100. Mgonjwa ana likizo ya siku 126 katika kipindi cha miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara.

Tuchukue habari ya mlinzi wetu. Parokia nyingi zina mlinzi mmoja anayeingia saa 12 jioni na kutoka saa 12 asubuhi, siku zote 7 za juma. Hizo ni saa 84. Sheria inaruhusu saa 45 za kawaida kwa juma, na saa za ziada zisizozidi 50 katika majuma 4. Mlinzi huyu ana saa za ziada 39 katika juma moja tu, yaani 156 katika majuma 4. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu ya malipo ya kawaida, na kila saa ya usiku ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Kwa hiyo hata tukitaka kumlipa kila saa, mpango wenyewe umekwisha kuvunja sheria. Njia ya haki ni kuajiri walinzi wawili na kuwapa siku ya mapumziko. Sisi tunaosisitiza kuitakasa siku ya Bwana, tumempa mlinzi wetu siku gani?

4. Asilimia 10 ambayo si mali yetu

Sasa nafika kwenye jambo zito kuliko yote. Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, yaani NSSF, uliundwa kwa sheria ya mwaka 1997 ukachukua nafasi ya mfuko wa akiba uliokuwapo tangu mwaka 1964. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na kwa kawaida mwajiri hutoa 10 na mfanyakazi hukatwa 10. Pensheni ya uzeeni hutolewa kwa aliyechangiwa miezi isiyopungua 180, yaani miaka 15, afikapo umri wa kustaafu.

Tuseme mlinzi amefanya kazi miaka 18, nayo ni miezi 216. Parokia ilipeleka michango ya miezi 150, na miezi mingine 66 fedha zikaingia katika ujenzi wa ukumbi. Hapakuwa na mwizi. Kikao kilikubaliana "kuazima" kidogo. Mzee huyu akienda kufuata haki yake ataambiwa amepungukiwa miezi 30. Atapewa malipo ya mara moja, badala ya pensheni ya kila mwezi hadi mwisho wa maisha yake. Ukumbi utakuwapo, na arusi zitafanyika humo, lakini mzee atarudi kwetu akiwa ombaomba, nasi tutamwandikia barua kwa Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo ili asaidiwe. Huko ni kumpa mtu kama sadaka kile tulichomnyang'anya kama haki.

Tuseme wazi. Asilimia 10 anayokatwa mfanyakazi ni mshahara wake tayari. Sisi ni wapelekaji tu. Kuikata na kutoipeleka ni kuzuia ujira wa kibarua, dhambi ambayo Mtume Yakobo, katika sura ya tano ya barua yake, anasema kilio chake kinafika masikioni mwa Bwana.

Kuna pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008. Huu huwafidia walioumia au kuugua kwa sababu ya kazi, na anayeuchangia ni mwajiri peke yake. Mlinzi akijeruhiwa na wezi usiku, mfuko huu ndio kimbilio lake, wala si bakuli la mchango mlangoni mwa kanisa.

5. Je, parokia maskini itaweza?

Wapo wasemao: "Zamani wamisionari walilipa kwa fedha za ng'ambo, leo sisi tutatoa wapi?" Swali hili ni la haki, na lijibiwe kwa hesabu. Maaskofu wa Afrika Mashariki, katika mkutano wa AMECEA wa mwaka 1976, walizipa Jumuiya Ndogo Ndogo nafasi ya kwanza katika uchungaji, na tangu hapo tumeimba kujitegemea. Tuone maana yake.

Tuseme parokia ina jumuiya 30 zenye familia 20 kila moja, yaani familia 600, na watumishi 5, kila mmoja akipata shilingi 300,000 kwa mwezi. Mishahara ni shilingi 1,500,000, na mchango wa mwajiri kwa NSSF ni 150,000. Jumla ni 1,650,000. Ukigawa kwa familia 600, kila familia inadaiwa shilingi 2,750 kwa mwezi. Ile sehemu ya NSSF tunayosema imetushinda ni shilingi 250 kwa familia. Zipo parokia ndogo zaidi, na zipo familia zisizo na kitu. Lakini kabla ya kusema haiwezekani, kila parokia ifanye hesabu yake yenyewe.

6. Mpangilio wa fedha

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kanoni ya 537 inataka kila parokia iwe na kamati ya fedha. Kanoni ya 1284 inadai vitabu vya mapato na matumizi vilivyotunzwa vema, na kanoni ya 1287 inataka waamini wapewe hesabu ya walichokitoa. Napendekeza mambo manne:

Kwanza, katika bajeti ya mwaka mishahara na michango ya hifadhi viandikwe mstari wa kwanza, kabla ya ujenzi na sherehe.

Pili, fedha hizo ziwekwe katika akaunti yake, isiyoguswa kwa shughuli nyingine. Michango ipelekwe kila mwezi, na stakabadhi zionyeshwe katika kikao cha kamati.

Tatu, kila mtumishi awe na mkataba wa maandishi na namba yake ya uanachama, na ahimizwe kuuliza salio la michango yake walau mara moja kwa mwaka.

Nne, penye deni la zamani, lisifichwe. Kamati ilihesabu, izungumze na ofisi ya jimbo na Mfuko wenyewe, na kupanga namna ya kulilipa. Paroko huhama na kamati hubadilika, lakini mfanyakazi anaidai parokia.

Kwa makatekista wa vigango ambao kweli wanajitolea, NSSF hupokea pia wanachama wanaojichangia wenyewe. Kigango kinaweza kumsaidia katekista wake kwa njia hiyo, badala ya kungoja azeeke ndipo tumfanyie harambee.

Ndugu zangu, mcheza kwao hutunzwa. Mtumishi wa Kanisa yuko kwao, naye hastahili kutunzwa pungufu ya vile ambavyo angetunzwa kwa mgeni. Mungu awabariki.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Parokia yetu ina waajiriwa wangapi? Je, wote wana mikataba ya maandishi?

2. Mchango wa NSSF wa mwezi uliopita umepelekwa? Nani ameiona stakabadhi?

3. Ni nani kwetu anayeitwa "mwenye kujitolea" ilhali kwa kweli ni mwajiriwa?

4. Jumuiya yetu iko tayari kutoa kiasi gani kila mwezi ili haki hizi zitimizwe?