Wakili na Malipo Yake: Yafaa Tujue Nini

(Maneno ya Katibu wa Tawi mbele ya wanachama. Yamechapwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Leo sisemi juu ya mishahara. Nataka kusema juu ya fedha zinazotutoka baada ya kushinda kesi, maana hizo pia ni jasho letu.

Mwenzetu mmoja alifukuzwa kazi bila haki. Hakufika ofisini kwetu. Alikwenda mwenyewe kwa wakili. Kesi ikachukua miaka, akashinda, na korti ikaamuru alipwe Sh. 240,000. Siku ya kupokea hundi akakuta Sh. 95,000 tu. Akaja kwetu kwa uchungu, akisema ameibiwa. Tukamwuliza: Mlipatana malipo gani? Akajibu, tulisema kwa mdomo. Risiti ziko wapi? Hana. Ulipewa hesabu? Hakuomba. Ndugu zangu, lililotuumiza ni hili: hatukuweza kumwambia kama ameibiwa au hakuibiwa. Mali bila daftari huisha bila habari.

Basi tujifunze. Kwanza, fedha za kesi ni za namna tatu. Iko ada ya wakili, ndiyo ujira wa kazi yake. Yako matumizi, kama malipo ya korti, nauli, na ripoti ya daktari. Haya si faida yake, na yafaa kila moja liwe na risiti. Tena ziko gharama ambazo korti yaweza kumwamuru aliyeshindwa amlipe aliyeshinda. Wengi hudhani hizi za mwisho humaliza deni lote la wakili. Sivyo. Kwa kawaida hesabu ya wakili na mteja wake ni kubwa kuliko ile anayolipa aliyeshindwa. Na katika Korti ya Ajira na Uhusiano wa Kazi jaji ana hiari: aweza kusema kila mtu ajilipie, na ukishindwa aweza kukuamuru ulipe gharama za mwajiri. Usizihesabu fedha hizo kabla hazijaingia mkononi.

Pili, ujira wa wakili si bei ya sokoni. Jaji Mkuu hutoa Amri ya Malipo ya Mawakili, na viwango vyake vilipandishwa mwaka 2014. Wakili akikubali chini ya kiwango hicho avunja sheria, kwa hivi tusimlaumu akikataa kupunguza. Zaidi ya kiwango mwaweza kupatana, lakini kifungu cha 45 cha Sheria ya Mawakili chataka mapatano yaandikwe na mteja atie sahihi. Hapo angalieni sana! Ukiisha kutia sahihi mapatano hayo, korti haitapima tena hesabu ile kwa kiwango. Likibaki ni kwenda kortini kuomba mapatano yafutwe kwa kuwa yanazidi kiasi, na muda wa kufanya hivyo una mpaka. Soma kabla ya kalamu kugusa karatasi, au ulete karatasi hiyo hapa tuisome pamoja.

Tatu, yuko mtu atakayekuambia, "Usilipe kitu, tukishinda nitachukua theluthi moja, tukishindwa basi." Maneno haya ni matamu, lakini kwa kifungu cha 46 mapatano ya namna hiyo hayana nguvu hapa Kenya.

Nne, unayo haki ya kuona hesabu. Mahali ambapo hapana mapatano ya kifungu cha 45, wakili hawezi kukushtaki kwa ada yake mpaka akupe hesabu iliyotiwa sahihi na mwezi 1 upite. Ukiona imezidi, hesabu hupelekwa kwa ofisa wa korti, naye hupima neno kwa neno, akikata lisilofaa. Asiyeridhika ana siku 14 za kuandika pingamizi, ili jambo liende mbele ya jaji. Na fidia yako ikilipwa kwa wakili, lazima ikae katika akaunti ya wateja, mbali na fedha zake mwenyewe. Akikaa kimya nayo, iko Tume ya kupokea malalamiko juu ya mawakili.

Tano, nasi tuwe wa kweli. Wakili mwema hawezi kukuahidi ushindi. Katika kufukuzwa bila haki, fidia ambayo korti yaweza kutoa haipiti mshahara wa miezi 12, hata ukidai mamilioni. Mwulize siku ya kwanza: kazi yote yaweza kugharimu kiasi gani, na je, nitakachopata kitapita nitakacholipa? Kuuliza si ujinga. Umpe habari zote, hata zile zinazokuaibisha, maana kila safari ya kurekebisha uongo nayo huongeza hesabu.

Mwisho, kumbukeni kwamba Sheria ya Korti ya Ajira ya mwaka 2011 yaruhusu ofisa wa chama cha wafanyakazi kusimama kortini kwa ajili ya mwanachama. Si kila kesi itatufaa sisi. Nyingine zahitaji wakili. Lakini njoo kwetu kwanza, na uje mapema, kwa sababu madai ya kazi huisha baada ya miaka 3.

Yule mwenzetu tulimsaidia kuandika barua ya kuomba hesabu kamili. Ikaja, ikapimwa, akarudishiwa Sh. 38,000. Zilizobaki zilikuwa halali ya wakili, naye alikubali mwenyewe. Alisema kilichomchoma hakikuwa kulipa, ila kulipa asijue analipia nini.

Ndugu zangu, karatasi moja siku ya kwanza ingalimwondolea uchungu huo wote.