Nyuzi Nne, Mishono Mitano

Maneno ya katekista kwa wakristu na wageni, siku ya jubilei ya parokia, Majengo



Kamati ya jubilei imetuomba tuseme neno juu ya kitambaa cheupe kilicho juu ya altare, na vile vidogo vilivyopangwa mezani katika chumba cha katekesi. Tulidhani wanataka shukrani za dakika tano. Wakatujibu: hapana, elezeni kazi yenyewe, maana wageni wanauliza kama imenunuliwa Kampala au Dubai. Haikununuliwa. Imeshonwa hapa Majengo, kwa mkono na sindano, na watu mnaokutana nao kila siku kwenye bomba la maji. Basi tutaeleza kazi hiyo, pamoja na makosa yetu, na ugomvi mmoja ambao haujakwisha.

Sisi ni kikundi kidogo: wamama tisa, wasichana wawili, na mwanaume mmoja, ndiye huyu anayesimama mbele yenu. Hukutana siku ya posho, saa nane za mchana, katika ua nyuma ya sakristia, mpaka mwanga wa jua upungue. Hatuna mshahara, hatuna cheti, hatuna mashine. Ni kazi ya pumziko. Kati yetu kuna wanaouza maharagwe, kuna mwalimu, kuna mjane anayelea wajukuu sita, na kila mmoja huacha mzigo wake mlangoni kwa muda wa saa tatu. Mwenye kutafuta franka afadhali afuge kuku.

Watu walicheka walipoona katekista ameshika sindano. Hatuwalaumu. Katika seminari ndogo tulifundishwa Kilatini, na hakuna aliyetuonyesha namna ya kufunga kishikizo. Lakini katika London ya zamani wanaume kwa wanawake walitarizi mavazi ya maaskofu, na kazi yao ilitafutwa mpaka Roma. Na tusiende mbali hivyo: tazameni kofia nyeupe za ndugu zetu Waislamu wa mji huu. Zile zilizoshonwa kwa mkono, kwa mtindo wa Lamu na Zanzibar, ni uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, na vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi, mia kwa mia. Huko pwani mwanaume akishona kofia hakuna anayemcheka.

Kazi yetu sisi ina jina la mahali. Inaitwa Hardanger, jina la nchi ya magharibi ya Norwei, ambako mkono wa bahari umeingia mbali kati ya milima. Wanawake wa huko wameshona nyeupe juu ya nyeupe kwa vizazi vingi, na hata leo aproni ya vazi lao la sikukuu ina ukingo wa mishono hiyo. Wanorwei si wageni kabisa kwetu, kwa kuwa Wapentekoste wao walifika Kaziba, katika Kivu ya Kusini, miaka ya 1920. Lakini hatukujifunza kwao. Tulijifunza kwa sista mmoja mzee, ambaye mbele ya kurudi kwao alituachia karatasi chache zenye michoro, sindano kumi, na onyo moja: hesabuni kwanza.

Tueleze sasa namna inavyofanyika, maana hapa ndipo utamu ulipo.

Kitambaa lazima kiwe na nyuzi zinazohesabika kwa jicho, sawa sawa kwa urefu na kwa upana. Pamba iliyobanana haifai. Kitani kipya ni ghali, kwa hiyo tunakwenda soko la Virunga na kupekua marundo ya nguo za kutumika, tukitafuta mapazia na vitambaa vya meza vya zamani. Wachuuzi wametuzoea. Wanatuona tukiinua pazia kuelekea jua na kuhesabu kwa midomo, wanadhani tunasali. Sindano ni ile butu, isiyopasua uzi. Uzi ni wa aina mbili, mnene na mwembamba. Tukipata ule wa DMC, wa mji wa Mulhouse huko Ufaransa, tunachukua namba 5 kwa kujaza na namba 8 kwa kusuka. Kadiri namba inavyopanda ndivyo uzi unavyokonda, jambo lililotupoteza mwanzoni.

Unashona mishono mitano iliyonyooka, ikisimama bega kwa bega, kila mmoja ukivuka nyuzi nne za kitambaa. Wamama wameliita pande hilo tofali, na jina limewafaa watu wa Majengo. Kati ya mishono mitano zimelala nyuzi nne, zimefungiwa humo. Tofali la pili linageuka, la tatu linageuka tena, kama ngazi, mpaka mzunguko urudi pale ulipoanzia. Ukikutana barabara, hesabu ni sawa. Usipokutana, hata kwa uzi mmoja, fumua mpaka kwenye kosa. Tumejaribu kudanganya, tukavuta kidogo hapa na kubana kidogo pale. Kosa linajitokeza upande wa pili.

Matofali yote yakiisha kukabiliana, ndipo unachukua mkasi mdogo. Unakata zile nyuzi nne kwenye mguu wa tofali, pale ambapo mishono inazishika vichwa. Ukikata ubavuni, ambapo hakuna kinachozishika, kitambaa kinafumuka na kazi ya mwezi imekufa. Nyuzi zilizokatwa unazivuta moja moja, na dirisha linabaki. Zile ulizoziacha zinasimama kama fito za nyumba isiyopakwa udongo. Unazisuka kwa sindano, juu ya mbili, chini ya mbili, mpaka kila fungu linakuwa fito moja ngumu. Mtu anayeanza huogopa mkasi. Na sisi tunaogopa bado. Kitambaa cha kuwekea sanamu, cha upana wa kiganja, kinachukua siku za posho nne au tano, na siku ya kukata hakuna anayezungumza.

Vumbi la Goma nalo ni adui. Mnajua vumbi la makoro lilivyo jeusi. Kila kazi inakaa ndani ya foronya, na hakuna anayegusa sindano mbele ya kunawa.

Sasa makosa. Kazi yetu ya kwanza kwa ajili ya altare ilikuwa korporale. Tuliipamba katikati kwa nyota ya madirisha kumi na sita, tukaipiga pasi, tukaipeleka kwa padri tukiwa na furaha kubwa. Akaitazama muda mrefu, akaisifu, akaikataa. Tulikasirika wiki mbili. Kumbe kosa lilikuwa letu, na hasa la sisi tuliosoma Kilatini, kwa sababu jina lenyewe linasema: korporale latoka katika neno corpus, mwili. Kitambaa hicho huwekwa chini ya kikombe na patena ili kipokee hata kipande kidogo cha Mwili wa Bwana kikianguka, na hukunjwa mara tatu kwa tatu, kuelekea ndani, mpaka miraba tisa, ili kisipoteze kitu. Sisi tulikuwa tumetoboa madirisha pale pale. Tangu siku hiyo korporale zetu hazina tundu hata moja. Zina msalaba mdogo karibu na ukingo, upande wa padri, basi. Madirisha tunayaweka kwenye kitambaa cha altare, sehemu inayoning'inia.

Zamani, mbele ya mageuzi ya liturjia, altare ilidaiwa vitambaa vitatu. Siku hizi Misale inataka angalau kimoja, cheupe. Wengi hupamba upande wa mbele tu, ule unaoonekana na watu. Sisi tulipamba pande zote nne, na mapadri wageni wametuuliza sababu. Sababu ni Misale yetu ya majimbo ya Zaire, iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988. Katika Misa hiyo padri huheshimu altare kwa kuigusa kwa kipaji cha uso pande zake zote nne. Tulisema: kama kila upande unaheshimiwa, kila upande upambwe. Iliongeza mwaka mzima.

Katika miaka hiyo Nyiragongo haukutusahau. Wenye umri wanakumbuka tarehe 17 mwezi wa kwanza, mwaka 2002, moto wa mlima ulipopita katikati ya mji na kuliharibu kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Tarehe 22 mwezi wa tano, mwaka 2021, ulishuka tena, ukasimama Buhene, jirani yetu kabisa. Na tarehe 27, tulipoamriwa kutoka, mama mmoja wa kikundi alikwenda kwa miguu mpaka Sake na foronya yenye vitambaa vyetu kichwani. Sufuria aliziacha. Mume wake analieleza jambo hilo mpaka leo, kila anapopata msikilizaji.

Tufike kwenye ugomvi. Mwezi wa kwanza wa mwaka 2025 vita iliingia Goma. Vyumba vya katekesi vilijaa watu, na veranda pia, watoto wakilala juu ya sementi. Kitambaa cha altare tulikuwa tumefikisha pande tatu. Mmoja wetu, mwenye mkono mzuri kupita sisi sote, alisimama akasema: viuzwe vyote, na uzi uuzwe, tununue unga. Tukakubali kwa vile vidogo. Vilinunuliwa kwa bei ya huruma, vikaleta unga wa siku tatu. Kitambaa cha altare hatukukubali. Tulisema ni cha Mungu. Akajibu kwamba wale waliolala chini ni wa Mungu vilevile.

Hapo sisi katekista tulijibu upesi, kwa jibu la kitabu. Tulimkumbusha yule mwanamke wa Betania aliyemwaga marashi ya thamani, na yule aliyenung'unika kwamba yangaliuzwa wapewe maskini. Tulidhani tumefundisha vizuri. Lakini mnajua, katika Injili ya Yohane, aliyenung'unika ni nani. Ni Yuda. Basi tulimwita mama huyu Yuda mbele ya wenzake, yeye ambaye usiku uliotangulia alikuwa amelaza watu kumi na wanane nyumbani mwake. Hatukuona tulichosema mpaka tulipouona uso wake. Alikunja upande aliokuwa akiushona, akaweka sindano ndani ya kasha lake, akaondoka bila neno.

Tumekwenda kwake mara mbili kuomba msamaha. Alitupokea kwa heshima, akatupa chai, akasema yamepita. Lakini siku ya posho haji. Amekubali tuliseme jambo hili hapa, mradi tusitaje jina. Kama kitambaa kilipaswa kuuzwa, hatujui hata sasa namna ya kumjibu. Thamani yake isingalilisha watu wale juma moja. Hilo ni kweli, nalo si jibu la alichouliza.

Wageni wameona kwamba kona moja ya kitambaa, ile ya kushoto upande wa ambo, ina matofali lakini haina madirisha. Wengine wamedhani ni mtindo. Si mtindo. Ni kona aliyokuwa nayo mkononi siku ile. Matofali yamekamilika, tumeyahesabu, hakuna uzi uliokosewa. Kilichobaki ni kukata tu. Tulijadiliana mbele ya sikukuu kama mwingine aimalize, ili kitambaa kiwe kizima siku ya jubilei. Wasichana wawili wanaweza kuifanya, mikono yao imekomaa. Tuliamua hapana. Kitambaa kimewekwa altareni jinsi kilivyo, na Padri Paroko ameruhusu.

Tutakutana tena siku ya posho ijayo, saa nane, nyuma ya sakristia. Mwenye kupenda kujifunza aje, mwanaume au mwanamke, na alete mkasi mdogo wenye ncha kali, maana tunao miwili tu. Uzi wa namba 8 bado upo kidogo. Na kasha la sindano la mama yule liko pale pale alipoliacha, kwenye dirisha la sakristia.