Mnyanyua uzito aliyekataliwa kwao Durban

Mazoezi ya kunyanyua vyuma humwongezea nguvu kijana na hata mzee wa miaka tisini. Lakini historia ya mji wa Durban yaonyesha kwamba kulikuwa na wakati ambapo serikali ndiyo iliyoamua nguvu za nani zihesabiwe.

Wasikilizaji wapenzi, kusini mwa bandari ya Durban, nchini Afrika Kusini, kuna rasi ndefu iitwayo Bluff. Upande mmoja wake ni bandari, na upande wa pili ni Bahari ya Hindi. Kwa msikilizaji wa Kiswahili rasi hiyo si ngeni sana. Katika sehemu yake iitwayo King's Rest ndiko walikoishi Wazanzibari wa Durban, watu waliokombolewa na manowari za Uingereza kutoka katika majahazi ya watumwa, wengi wao wakiwa Wamakua wa kaskazini mwa Msumbiji. Walianza kushushwa Durban mwaka 1873, wakitokea Zanzibar, kwa kuwa koloni la Natal lilihitaji nguvu za mikono yao. Walijenga msikiti, wakazika wafu wao, wakalea watoto wao. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 serikali ya ubaguzi wa rangi ikawahamisha Bluff na kuwapeleka Chatsworth, baada ya kuwaandika katika daftari zake kuwa ni Waasia. Hapana shaka waandishi wa daftari hizo hawakuwa na haja ya kutazama ramani ya Afrika.

Siasa hiyo hiyo iliingia hadi katika vyumba vya mazoezi. Precious McKenzie alizaliwa Durban mwaka 1936. Alikuwa mtu mfupi mno, wa kimo cha takriban mita 1.45, na kwa sheria za nchi yake alihesabiwa kuwa chotara. Kufikia mwaka 1958 uzito aliokuwa akiunyanyua ulitosha kumpeleka kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Cardiff. Hakupelekwa, kwa sababu ya rangi yake. Mwaka 1964 alihamia Uingereza, akafanya kazi katika kiwanda cha viatu mjini Northampton, huku akiendelea na vyuma vyake.

Kilichofuata ni habari ya kufurahisha. Aliichukulia Uingereza medali ya dhahabu ya Jumuiya ya Madola mjini Kingston mwaka 1966, mjini Edinburgh mwaka 1970 na mjini Christchurch mwaka 1974. Kisha akahamia New Zealand, na mwaka 1978, mjini Edmonton, akaipatia nchi hiyo dhahabu ya nne. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 42.

Mtu wa umri huo aliwezaje kuwashinda vijana? Bila shaka alikuwa na kipaji. Hata hivyo, kipaji bila mazoezi ya kudumu hakimfikishi mtu umri huo akiwa bado bingwa. Msuli unapobebeshwa mzigo mzito kuliko uliouzoea, mwili hujibu. Katika wiki za kwanza msuli wenyewe hauonekani kunenepa. Ubongo na neva ndivyo vinavyojifunza kuziamsha nyuzi nyingi zaidi za msuli kwa pamoja. Kwa hiyo mwanafunzi mpya huongeza kilo haraka, ilhali kioo hakimwonyeshi chochote, na wengi huacha hapo hapo kwa kukata tamaa. Unene huja baadaye, kwa miezi, kadiri nyuzi zinavyojengwa upya kwa protini.

Ujenzi huo hufanyika mtu akiwa amepumzika. Msuli uliofanyishwa kazi ngumu leo unahitaji siku moja au mbili kabla ya kurudiwa, pamoja na usingizi na chakula: maharage, choroko, dagaa, mayai. Mzigo nao lazima uongezwe kidogo kidogo, kwani anayenyanyua uzito ule ule mwaka mzima hubaki pale pale. Si lazima pawe na mashine za bei ghali. Makopo mawili yaliyojazwa saruji na kuunganishwa kwa bomba yamewatosha vijana wengi wa Afrika Mashariki, ingawa kuongeza uzito wake ni kazi. Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima kufanya mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki.

Wazee je? Mwaka 1990 ulichapishwa utafiti uliofanywa mjini Boston, Marekani, kwa wakazi kumi wa nyumba ya wazee, wenye umri wa wastani wa miaka 90. Tisa kati yao walikamilisha wiki nane za kunyanyua uzito kwa miguu, na nguvu zao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Kwa mzee, nguvu hizo ndizo za kuinuka kitini bila kushikwa mkono na za kujizuia asianguke. Mwenye shinikizo la damu au maradhi ya moyo amwone daktari kwanza, na asizuie pumzi anaponyanyua.

McKenzie mwenyewe, huko New Zealand, aligeukia kazi ambayo mchukuzi yeyote wa bandari ya Mombasa au Dar es Salaam angeielewa. Alikuwa akiwafundisha wafanyakazi namna ya kuinua mizigo bila kuumia mgongo: miguu itanuliwe kidogo, magoti yakunjwe, mgongo usipindwe, mzigo uvutwe karibu na kifua, kisha miguu ndiyo iinuke nao.